Kwa Skola, Mkataji wa Mkono wa Kushoto

Skola mwanangu,

Begi lako limeshafungwa, na baba yako amelizungushia mpira wa baiskeli kana kwamba ndani yake kuna mbuzi anayetaka kutoroka. Wewe umeingia chumbani kulala, au unajifanya umelala. Mimi nimekaa kwenye meza yetu ya kukatia, nimesogeza vitambaa pembeni, nimeshika kalamu. Habari za sweta, za kula kwa wakati, za kutomwachia mtu usiyemjua mkoba wako stendi, nimeshakuambia mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Hizo siziandiki. Nataka kukuandikia habari ya kisu cha gurudumu, maana ndicho kinachokupeleka Iringa, na iko sehemu ya habari yake hujawahi kuisikia kutoka mdomoni mwangu.

Kiliingia humu ndani ukiwa bado shule ya msingi. Nilikuwa nimekwenda Tunduma kununua mashuka ya mitumba. Unakumbuka biashara yangu ya wakati ule: nakatakata mashuka na mabaki ya vitenge, naunganisha vipande, naweka blanketi jepesi katikati, nashona kutoka juu hadi chini, watu wa Mazwi wanapata mfarishi wa kujifunika baridi yetu hii ya Ufipa inapoanza kuuma. Nilikuwa nakata kwa mkasi. Nilipofungua belo nyumbani nikakuta mfuko katikati ya mashuka. Ndani yake mlikuwa na mkeka wa plastiki wa kijani wenye mistari, rula pana inayoonyesha kilicho chini yake, na kitu chenye mpini na kigurudumu cha chuma.

"Hiki ni cha kukatia chapati," nikamwambia baba yako.

Tukakatia chapati kweli. Sinia langu la plastiki likapata mfereji kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Baba yako akacheka, akakifuta, akasema mtu aliyetengeneza kitu kikali hivi hakuwa na shida na chapati.

Ndani ya mfuko uleule mlikuwa na vipande ambavyo mwenyewe wa kwanza hakuvimaliza. Nikavichukua, nikavipanga kimoja juu ya kingine. Skola, vilikuwa vinalingana. Hakuna kilichochungulia chini ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimekata kwa mkasi tangu nikiwa msichana, na vipande vyangu nikivipanga hivyo vilionekana kama meno ya mtoto. Hapo ndipo nilipojua kazi ya kile kisu.

Sikuwa na wa kunifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu. Siku ya kwanza nilikivuta kuelekea kwangu, kama mtu anayechora mstari kwa kalamu. Kikamaliza kitambaa, kikaendelea na sketi yangu, kikaishia kwenye paja. Haikuwa kubwa, lakini tangu siku ile kisu changu kinatembea kwenda mbali nami. Siku nyingine nilikiacha wazi mezani nikaenda kuitika hodi, kikabingirika, kikaanguka wima karibu na kidole cha mguu. Ndiyo maana ulikuwa unanisikia nikikifunga kila mara, *tak*, hata kama nakata tena sasa hivi. Ulikuwa unadhani ni mazoea ya uzee.

Halafu kuna lile lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Nilikuwa nakunja kitambaa mara mbili, nakata ukanda, nikikifunua kimepinda katikati kama kiwiko. Nikalaumu kitambaa. Nikalaumu cherehani. Nikamlaumu mwuzaji wa Tunduma, mtu ambaye hata hakuwepo. Kumbe sikuwa nimeilaza rula ikaukata mkunjo kwa pembe mraba. Siku nilipogundua nilitoka nje nikapiga kigelegele peke yangu, jirani akauliza nani kajifungua.

Basi nikawa fundi. Watu wakaanza kusema mifarishi ya Mama Skola imelala kama karatasi. Na wewe ukawa unakuja kusimama hapa pembeni ya meza ukitoka shule, hujavua hata sare, ukiangalia kigurudumu kinavyopita kwenye kitambaa. Ukaomba. Nikakataa. Ukakua, ukaomba tena, nikakuruhusu.

Sasa nakuja kwenye mkono.

Tangu ulipoanza kushika kijiko, ulikishika kwa kushoto. Bibi yako wa Ilemba alikuwa anakitoa, anakihamishia kulia, nawe unamsubiri ageuke. Mimi nilimwunga mkono bibi yako, na nilipokupa kisu nilikuambia: kulia, Skola, kazi inafanywa kwa kulia. Ukashika kwa kulia. Rula ikateleza, mstari ukaenda kombo. Ukarudia, ukaenda kombo. Siku moja nimerudi kutoka sokoni nikakuta umekishika kwa kushoto, na kata yako ilikuwa mbaya zaidi, imeachana na rula njia nzima. Nikakunyang'anya.

"Huyu mtoto hana mkono wa kukata," nikamwambia baba yako mbele yako. "Apige pasi."

Ukapiga pasi. Ulipiga pasi ya mkaa miaka, vitambaa vyangu vikanyooka kama vimetoka dukani, na mimi nikaona jambo limekwisha. Sikukosa usingizi kwa ajili yake. Nilikuwa nimekata shauri kuhusu mkono ambao sikuwahi kuutazama vizuri.

Ikaja harusi ya binamu yako Georgina.

Shangazi yako Adelina alitoka Laela mwenyewe kuja kuniagiza. Alitaka mfarishi wa nyota moja kubwa, inayoanzia katikati ya kitanda na kutawanya ncha zake nane hadi pembeni. Kila ncha inajengwa na vipande vidogo vyenye ncha mbili, safu kwa safu. Alileta vitenge alivyovichagua yeye, cha njano, cha udongo na cha buluu ya usiku. Wakati huo alikuwa ameshaitangazia Laela nzima kwamba mwanawe atafunikwa nyota mbele ya watu.

"Wifi," nikamwambia, "nyota ni ngumu."

"Ingekuwa rahisi ningeshona mwenyewe," akanijibu, akapanda basi akaondoka.

Nikakata. Nikashona. Wewe ukapiga pasi kila ncha. Nilipoziunganisha zote nane nikaitandaza kitandani kwangu, na katikati pakasimama, pameinuka kama kofia. Nikapasukuma chini kwa kiganja, pakainuka pembeni. Ulikuwa umesimama mlangoni. Ulikuja ukachukua kipande kimoja cha akiba na kingine, ukavilaza pamoja, ukanionyesha. Kimoja kilimzidi mwenzake kwa unene wa uzi. Uzi mmoja tu. Lakini uzi mmoja ukiurudia kwenye kila kipande, kuanzia katikati hadi ncha, unakuwa kofia.

Ilikuwa katikati ya wiki, na harusi ilikuwa Jumamosi. Kitambaa kilichobaki kilitosha kukata nyota nyingine bila kukosea hata mara moja.

Nikaingia kukata kwa hasira. Wembe, yaani kile kigurudumu, ulikuwa butu, na ulikuwa umewahi kupita juu ya pini, ukapata pengo, kila unapozunguka unaacha nyuzi mahali palepale. Wembe mpya nilikuwa nao kabatini. Nilikuwa nautunza kwa kazi kubwa! Sijui nilikuwa nasubiri kazi gani kubwa kuliko ile. Kwa kuwa haukati, nikagandamiza. Kwa kuwa nimegandamiza, rula ikakimbia. Na kidole changu cha shahada cha kushoto kilikuwa kimechungulia nje ya ukingo wa rula.

Yaliyofuata unayajua, maana wewe ndiye uliyefunga kanga kwenye mkono wangu na kunipandisha bodaboda. Zahanati walinishona, wakanifunga bandeji kubwa kama kitumbua, wakaniambia mkono huo usiguse kazi. Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye kiti. Nilijaribu kumpigia shangazi yako simu nimwambie anunue blanketi la dukani. Ukanishika mkono mzima.

"Mama, usimpigie. Nitakata mimi."

"Kwa mkono upi?"

"Kwa huu wangu."

Nilitaka kukataa. Nikatazama bandeji, nikatazama kitambaa. Nikakuambia basi tuanze na gazeti. Ukahamia upande wa pili wa meza, upande ambao hakuna aliyewahi kusimama kukata, ukalaza rula kwa mkono wa kulia, ukashika kisu kwa kushoto. Ukasukuma. Kata ikaachana na rula, kama zamani. Ukarudia. Ikaachana. Nikaona macho yako yamejaa maji, na mimi mwenyewe nikawa naomba Mungu anipe maneno ya kukutuliza, kwa sababu nilishaamini yamekwisha.

Baba yako alikuwa ameingia kunawa mikono, imejaa grisi ya baiskeli za watu. Akasimama akiwa na kopo la maji mkononi, anatazama. Baba yako si mtu wa maneno mengi.

"Hebu rudia," akasema.

Ukarudia, kwenye gazeti.

"Taratibu. Simama hapohapo." Akainama mpaka pua ikakaribia meza. "Hiyo nati ndiyo inayogusa rula. Wembe wenyewe uko upande wa nje. Mtoto anakata akiwa amezibwa na mpini."

"Kisu ndivyo kilivyo," nikamwambia.

"Ndivyo kilivyo kwako wewe," akasema. "Pedali ya kushoto ya baiskeli haifungwi kama ya kulia. Ukilazimisha unaiua. Nipe nikifungue."

Akafungua nati, akatoa wembe ule butu, akautazama, akanitazama mimi. Nilikwenda kabatini kwa mkono wangu mmoja nikaleta ule mpya. Akaupachika upande wa pili wa mpini, akakaza, akakuzungushia mbele ya uso kwa ncha ya kidole, akakukabidhi.

Ukakata gazeti. Wembe ukalala kwenye rula kama umegundishwa. Hakukuwa na sauti ya kukwaruza, ni *sss* tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukaliinua lile gazeti, likaachana vipande viwili bila hata unyoya wa karatasi. Baba yako akapiga makofi kwa nguvu, grisi yote ile, akasema, "Haya!" Akatoka nje kama mtu aliyemaliza kufunga tairi.

Miaka yote ile, Skola, mkono wako ulikuwa sawa. Kisu kilikuwa kimefungwa kwa ajili yangu.

Siku iliyofuata ndiyo siku niliyofurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuwa kazini, na sikushika chochote. Nilikaa tu nikatazama. Ulipiga pasi kwanza, ukiinua na kushusha bila kusugua, ili kitambaa kisinyooke kombo. Ukasawazisha ukingo kabla ya kupima chochote. Ukapima kwa mistari ya rula peke yake, hukuchanganya na ile ya mkeka. Mkono wa kulia ukaufungua kama kucha za kuku juu ya rula, kila kidole ndani, na ukanda ulipokuwa mrefu ulisimamisha kisu bila kukiinua, ukausogeza mkono mbele, ukaendelea. Yote hayo uliyaona mwenyewe ukiwa umesimama na pasi yako. Kulikuwa na mengine ambayo hata mimi sikuwa nayafanya. Ulibandika vipande vya msasa chini ya rula visiiache iteleze. Nikakuuliza umetoa wapi.

"Kwa baba. Anasugulia tyubu kabla ya kubandika kiraka."

Na ulipoanza kukata mshazari, zile kata zinazopita kombo kwenye uzi, ambazo kitambaa chake kinavutika ukikigusa vibaya, ulikuwa hukivuti kipande kwenye mkeka. Ulikuwa unaingiza kipande cha kadibodi chini yake na kukibeba, kama mtu anayegeuza mkate usivunjike. Nilikuuliza kwa nini.

"Vinalegea, Mama. Ndiyo maana katikati palisimama. Ulivikata karibu sawa, ila uliviokota kwa vidole."

Nilikuwa nimeshona miaka mingi bila kujua hilo, na nimeambiwa na mtu niliyempeleka kwenye pasi.

Ulikata nyota nzima bila kupoteza kipande. Jirani akaja kukaa kwenye cherehani, mimi nikawa namwelekeza, wewe unampelekea safu kwa mpangilio. Tulipoitandaza nyota ya pili kitandani, ulifumba macho. Mimi sikufumba. Niliona inashuka, inalala, katikati kukiwa na nukta moja tu ambapo ncha nane zinakutana. Nikapapitisha kiganja. Hapakuwa na kilima. Tulipiga kelele humu ndani mpaka baba yako akaja kuangalia kama nimejikata tena.

Halafu Laela. Sitasahau. Tulifika asubuhi ya harusi, mfarishi nimeupakata kama mtoto mchanga. Shangazi yako akaona bandeji yangu, uso ukamshuka.

"Wifi, uliumia? Kwa hiyo nyota…"

"Ipo," nikamwambia.

"Nani alimalizia?"

Nikakusukuma mbele. "Huyu. Kwa kushoto."

Ukasema "Shikamoo, shangazi" kwa sauti ndogo, na hata hakukuitika, alikuwa anakutazama mikono.

Ulipofika wakati wa zawadi, shangazi na wanawake wa ukoo wakaushika mfarishi kwenye pembe, wakaufungua mbele ya watu kwa mara moja. Uwanja mzima ukasema "Aaa!" Vigelegele vikaanzia upande wa akina mama, vikaenda hadi kwa wale waliokuwa jikoni na miiko mikononi. Georgina alilia, mume wake akawa anagusa ile nukta ya katikati kama anatafuta mlango. Na shangazi yako, ambaye hujawahi kumsikia akisifu hata ugali wake mwenyewe, akachukua kipaza sauti akasema: "Hii imekatwa na Skolastika wa Mazwi, mtoto wa kaka yangu. Inua mkono wako, mama, watu wauone."

Ukainua wa kulia, kwa adabu.

"Siyo huo!" akapaza. Watu wakacheka, nawe ukainua wa kushoto, na zile shangwe, Skola, bado nazisikia nikinyamaza.

Mama Tulizo alikuwa amekaa kwenye viti vya wageni, amesindikiza upande wa bwana harusi kutoka Iringa. Unakumbuka alikuja akaugeuza mfarishi, akausoma mishono kwa nyuma, akaomba kuona unavyokata. Tukampa kitambaa cha meza cha shangazi yako, bila ruhusa. Ukakata mistari mitatu. Akasema ana karakana, ana meza ndefu, ana wakataji, na anakutaka. Wewe ukadhani anatania.

Kuna lililobaki, ambalo sikukuambia kwa sababu nilitaka ulisome ukiwa kwenye basi, mahali ambapo huwezi kurudi nyuma na kusema hapana. Juzi Mama Tulizo alinipigia simu. Nilidhani anataka kujua saa utakayofika. Akaniuliza ukweli: je, ni kisu kile kile cha kawaida, au kuna cha watu wa kushoto? Nikamweleza habari ya nati, kama baba yako alivyoieleza. Kisha akasema anaye msichana pale karakana, mtaratibu, hakosi kazini, lakini kata zake zote zinakwenda kombo, na alikuwa ameshaamua kumhamishia kwenye pasi mwisho wa mwezi.

"Anashika kwa mkono upi?" nikamwuliza.

"Ndiyo maana nakupigia," akasema. "Leo nimemwangalia. Kushoto."

Nikamwambia asimhamishe. Asubiri siku tatu tu, kuna mtu anakuja.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Mimi na baba yako tutakuwa tumesimama stendi mpaka basi lipotelee kwenye kona, na usishangae kama ulimwona analia, atasema ni vumbi. Huko unakokwenda hawajamwita mkataji tu, wamemwita mwalimu, hata kama wao wenyewe bado hawajalisema neno hilo. Ukifika, kabla ya kuonyeshwa chumba, kabla hata ya chai, mtafute yule msichana kwenye meza yake. Mwulize jina lake. Kisha mwombe akukatie mstari mmoja kwa mkono wake, na umtazame vizuri.

Nakupenda, na kuanzia leo nitakuwa naringa Mazwi nzima.

Mama yako